Mtu wa Kukutaja

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali fupi, nayo yumkini imewafungia mlango watu wengi kuliko alivyokusudia aliyeitunga. Mzee huitamka barazani akimwona kijana anayepita kila asubuhi na bahasha ya kaki mkononi, akitoka afisi hii na kuingia ile. Na kijana akiisikia huinamisha uso, kwani maana yake haifichiki. Lau angekuwa na thamani, angeitwa. Aliye bora hungojea nyumbani kwake; anayezunguka ameshatoa ushahidi dhidi ya nafsi yake.

La kustaajabisha ni kwamba mzee huyohuyo, jua likishuka, humvuta pembeni mtu aliyekuja kunywa kahawa na kumnong'oneza: "Sheikh, mwanangu yule kashamaliza skuli tangu mwaka jana. Mtizamietizamie huko kwenu." Hapo methali imesahauliwa. Chema kimepelekwa sokoni na baba yake, tena magharibi, wakati nyuso hazionekani vyema. Kwa hivyo hakuna faida kubwa ya kuuliza kama inafaa mtu kuwaendea watu kutafuta kazi. Kila mtu huwaendea, ama kwa miguu yake au kwa ulimi wa mzazi wake. La kuulizwa ni namna ipi ya kuwaendea inayomwacha mtu na heshima yake, na namna ipi inayowadhulumu wale wasiokuwepo pale panaponong'onwa.

Visiwani hapa hapana haja ya kwenda mbali kupata wa kuijibu methali hiyo. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika nyumba isiyokuwa na mali wala nasaba ya kujivunia. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Jamaa zake walikuwa wakulima na wafinyanzi, na vyungu vyao yeye ndiye aliyevipeleka mjini. Alivitembeza, kwa neno lenyewe la methali, na alivitembeza akiimba, hata sauti yake ikawa inafika kabla ya chungu. Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja. Huko akakutana na Ali Muhsin, mpiga ala, ambaye alimfundisha fani na kumjulisha kwa wenzake. Na kwa njia hiyo likapatikana kundi la akina Subeti Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban. Kundi lilialikwa nyumba hii na nyumba ile, na mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ikawasafirisha hadi Bombay, India, kutia nyimbo zao katika sahani za santuri. Mwanamke aliyesafiri hivyo hakujua kusoma wala kuandika.

Shaaban Robert alimwandikia kitabu akakiita Wasifu wa Siti binti Saad. Ni sadfa ya lugha, lakini inafaa kuitua kidogo: neno hilohilo, wasifu, leo ndilo jina la karatasi mbili anazozibeba kijana katika bahasha yake, zikiorodhesha skuli alizosoma na vyeti alivyopata. Siti hakuwa na chochote cha kujaza katika karatasi za namna hiyo. Alikuwa na sauti, na alikuwa na mtu aliyeisikia sauti hiyo kwa masikio yake mwenyewe akenda kuisema kwa wengine. Bila ya Ali Muhsin sauti isingepungua utamu hata chembe, ila ingebakia njiani baina ya Fumba na mji, ikiuza vyungu. Chema, basi, hakikujiuza. Kilitembea, kikasikiwa, kikatajwa. Methali imeruka hatua mbili za katikati, na hatua hizo ndizo zenye mashaka yote ya kimaadili.

Lugha za maafisini zina jina la shughuli hii, na Waswahili wamelifasiri kuwa ni kujenga mtandao. Tafsiri hiyo imeshika, na si mbaya, ingawa mtandao haujengwi, hutandwa. Katika mzizi huo wa kutanda mna utandabui, na mna pia mtande, yaani zile nyuzi za urefu ambazo mfumaji huzitangulizia kabla ya kupitisha za mshindio. Buibui hutanda apate kunasa, na mfumaji hutanda apate kuvisha. Kitenzi ni kimoja, na anayenyooshewa mkono na mtu mgeni, akaulizwa jina lake na afisi yake, hana njia ya kujua papo hapo ni yupi kati ya wawili hao aliyemsimamia mbele. Ndiyo maana watu wengi waungwana huichukia shughuli nzima. Wameshanaswa mara moja au mbili.

Lakini kuchukia jambo si kulifahamu. Mwanasosholojia wa Kimarekani, Mark Granovetter, aliwachunguza wanaume 282 wa mji wa Newton, karibu na Boston, waliokuwa wamebadilisha kazi karibuni. Watu wa taaluma, mafundi wa juu na mameneja. Makala yake ya mwanzo ilitoka mwaka 1973 na kitabu mwaka 1974. Zaidi kidogo ya nusu yao, asilimia 56, walikuwa wamepata kazi kwa kupitia mtu wanayemjua, wala si kwa tangazo wala kwa kubisha hodi. Hilo pekee lisingemshangaza muuza kahawa yeyote wa Unguja. Lililoshangaza ni aina ya mtu aliyewafaa. Katika wale aliowahoji ana kwa ana, waliopata kazi kwa njia hiyo, ni asilimia 16.7 tu waliosema kuwa walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walikuwa wakimwona mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra kabisa, mara moja kwa mwaka au chini yake. Granovetter anaeleza kuwa mara nyingi alipomuuliza mtu kama ni rafiki yake aliyempa habari, alisahihishwa: hakuwa rafiki, alikuwa mtu wanayejuana naye tu.

Kiswahili kina hazina ya majina ya watu wa karibu. Kuna rafiki na sahibu, kuna mwandani na msiri, kuna jamaa, kuna ndugu kwa maana zake zote. Lakini mtu yule wa Newton hana jina lake. Watu humwita mtu wa salamu, wakimaanisha asiyekuwa na uzito: umempita msikitini, umepanda naye daladala moja, mlisoma pamoja darasa la tano kisha akahamia Pemba. Kumbe ndiye.

Sababu yake huonekana wazi kwa yeyote aliyezoea baraza. Watu wanane wanaokaa baraza moja kila jioni kwa miaka kumi wanapendana, wanazikana, na wanajua habari zilezile. Lililomfikia mmoja limeshawafikia wote kabla ya isha. Nafasi ya kazi ikitokea katika hoteli moja ya Nungwi, au mashine mpya ikifungwa katika kiwanda cha uchapaji, hakuna hata mmoja kati ya wanane hao atakayekuwa wa kwanza kujua, isipokuwa habari hiyo iletwe na mpita njia aliyesita kuamkia, ambaye baraza lake liko kwengine. Mapenzi ya wanane hao ni makubwa kuliko salamu ya mpita njia. Habari zao ni chache kuliko zake.

Uchunguzi wa karibuni umelithibitisha jambo hili na kulitia mpaka. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa kati ya 2015 na 2019 kwa watu zaidi ya milioni 20 waliojiandikisha katika mtandao wa LinkedIn. Waliowafaa wenzao zaidi katika kupata kazi hawakuwa wa karibu mno wala wa mbali kabisa, bali wale wa mbali kiasi. Tena katika kazi zisizotegemea sana kompyuta, watu wa karibu ndio waliofaa zaidi. Nukta hii ya mwisho ina maana yake kwa nchi ambayo wavuvi, mafundi seremala na wakulima wa mwani bado ni wengi. Fundi anayechukua mwanafunzi hamchukui mtu wa salamu. Anataka kujua nani alimzaa na nani alimlea, kwa kuwa msumeno utakuwa mkononi mwa kijana huyo na jina litabakia la fundi.

Kutokana na haya inafahamika kwa nini kuongeza idadi ya marafiki wa aina moja hakumsogezi mtu. Ubunifu katika jambo hili, kama neno hilo linastahili, ni kuvuka kutoka baraza hadi baraza. Na kuvuka kunataka mzigo fulani wa kuvukia. Mtu hatokei tu kwa watu asiowajua akakaa. Siti alivuka na vyungu. Kijana anayejitolea kubeba viti na nyaya katika tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, huvuka na nguvu zake; kwa siku chache huwa amefanya kazi ubavuni mwa mafundi wa sauti, wapishi, waandishi wa habari na wageni, watu ambao mtaani kwao hawapiti. Anayejua kuandika hati nzuri huvuka na kalamu, akiandika mabango ya maulidi ya mtaa wa pili. Anayejua Kitaliano cha kujifunzia ufukweni huvuka na ulimi. Hawa wote wamejitembeza, lakini walichokitembeza ni kazi yenyewe, na aliyeiona ameiona. Wanatofautiana sana na yule anayekwenda kila mazishi ya wakubwa, akashika jeneza mbele ya macho yanayofaa, kisha akatoweka kabla ya futari. Huyo naye amevuka baraza. Amevuka na machozi yasiyokuwa yake.

Sasa iangaliwe hatua ya pili, ya kutajwa, ambayo ndiyo nzito. Watu wa Tanzania walibuni neno kimemo: kikaratasi kidogo chenye saini ya mkubwa, kinachomtangulia mwombaji kazi mlangoni. Neno lina umbo la kudunisha, na lilistahiki. Kimemo kilikuwa na maneno machache mno. Hakikusema kijana anajua nini, wala kama ni mwaminifu, wala kama alishawahi kuamka alfajiri. Kilisema tu ni mtu wa nani. Na papo hapo, kwenye benchi la nje, alikuwepo mwengine aliyefika mapema zaidi, mwenye alama bora zaidi, ambaye hakuwa mtu wa mtu. Huyo ndiye aliyedhulumiwa, na dhulma yake ina sura ya peke yake, kwa kuwa hataijua kamwe. Atarudi kwao Makunduchi au Micheweni akidhani kuwa hakufaa. Pengine ataacha kuomba. Mwizi wa kuku humwachia mwenyewe walau manyoya ya kumjulisha kuwa ameibiwa.

Wapo wanaodhani kuwa dawa ni kukomesha kutajana kabisa: majina yafichwe, mitihani iandikwe, karatasi zisahihishwe na asiyemjua mtu. Katika kazi za umma dawa hiyo ni nzuri na haina budi kunywewa, kwani mshahara unaotolewa huko ni mali ya wote, na afisa anayemwajiri mpwa wake anakirimu kwa mfuko usiokuwa wake. Mwenye duka akimwajiri mpwa wake mzembe, hasara inarudi kwake, na hilo ni shauri lake na dada yake. Lakini hata huko kwenye mitihani, karatasi inasema kidogo. Inaweza kuonyesha kuwa mtu anajua hesabu. Haiwezi kuonyesha kuwa fedha za watu zinalala salama mkononi mwake. Kwa hilo hapana budi kuulizwa anayemjua. Kutaja, basi, hakuepukiki. Kinachowezekana ni kukirejesha kwenye asili yake, na asili yake ni ushahidi.

Husimuliwa kuwa Umar bin Khattab alipoletewa mtu wa kutoa ushahidi, alitaka mwengine wa kumthibitisha, na mmoja akajitokeza akasema kuwa anamjua. Umar akamuuliza mambo matatu. Je, ni jirani yake wa karibu, ajuaye kuingia kwake na kutoka kwake? Je, ameshafanya naye biashara ya dinari na dirhamu? Je, ameshasafiri naye? Yote matatu yakajibiwa kwa la. Umar akamwambia kuwa basi hamjui. Yumkini amemwona tu msikitini akiinama na kuinuka. Maswali hayo yangeulizwa leo juu ya barua za wadhamini zinazoandikwa kila siku, zenye maneno ya kwamba mwombaji anafahamika tangu utotoni kuwa ni mtiifu, mchapakazi na mwenye ushirikiano mzuri, ngapi zingesalimika? Aghalabu mwenye kuandika hajawahi kusafiri na mwombaji hata mpaka Bububu. Ameandika kwa kuwa mama wa kijana alikuja kulia. Huruma yake ni ya kweli, na barua yake ni ushahidi wa uongo.

Hapa hoja ya undugu huletwa, na haifai kuipuuza. Undugu ni kufaana, si kufanana. Asiyemfaa ndugu yake atamfaa nani? Jibu lililo karibu zaidi na haki ni kuwa ndugu naye anaweza kutajwa, kwani hapana amjuaye kuliko ndugu, ila atajwe kama anavyojulikana. Ami anayesema, "Mtoto wa kaka yangu huyu ni hodari wa mashine, lakini ana haraka, na ramadhani hachelewi kukasirika, muwekeni chini ya mtu mtulivu," amemfaa mwanawe na amemfaa mwajiri, na hajamziba mdomo aliyeko kwenye benchi, kwa kuwa ameacha uamuzi mikononi mwa anayeajiri. Kimemo kilikuwa amri iliyovaa nguo za ombi. Maneno ya ami huyu ni habari. Tofauti baina ya viwili hivyo haiko katika damu. Iko katika kile anachobakishiwa anayesikiliza: je, anaweza kukataa asiogope?

Upande wa anayetafuta una shida zake. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, aliugawa urafiki mafungu matatu: wa manufaa, wa raha, na wa wema, akasema kuwa ule wa manufaa hukatika manufaa yanapokwisha. Wasomaji wake wa haraka hudhani kuwa aliuharamisha. Hakuuharamisha; alisema tu kuwa si kamili. Mvuvi na mchuuzi wa samaki wanajuana kwa ajili ya samaki, na hakuna aliyedanganywa. Uovu huingia pale urafiki wa manufaa unapojifanya wa wema. Pale mtu anapoulizia afya ya mzazi wako ilhali jicho lake liko kwenye nafasi iliyotangazwa afisini kwako. Kumwambia mtu waziwazi, "Nakuja kwako kwa shida ya kazi, na kama hapana si neno," kunavunja haya kidogo, lakini kunamwachia hiari yake. Kumzunguka kwa miezi sita na mapishi ya sikukuu kunamwibia.

Katika kisa cha Nabii Musa, kama kilivyo katika Sura ya Al-Qasas, mna ajira iliyopatikana kwa namna safi kabisa. Alifika Madyan mkimbizi, hana kitu, hana mtu. Kisimani akawaona wanawake wawili wamezuia mifugo yao wakingojea wachungaji wanaume waondoke. Akawanyweshea, kisha akajitenga kivulini na kumwomba Mola wake. Hakuwauliza baba yao ni nani wala kama ana kazi. Baadaye mmoja akarudi kumwita, na nyumbani akamshauri baba yake amwajiri, kwa sababu mbili: ana nguvu na ni mwaminifu. Nguvu aliziona kisimani. Uaminifu, kwa maelezo ya wafasiri, aliuona njiani walipokuwa wakitembea. Hapakuwa na tangazo, na nafasi yenyewe huenda haikuwepo mpaka yeye alipotokea. Binti yule alishuhudia alichokiona, hakuongeza. Mkataba ulikuwa wa miaka minane, au kumi kwa hiari yake.

Wachamungu, hata hivyo, wana hoja nyengine dhidi ya kujitembeza, nayo ni hadithi ya Mtume kuwa hampi uongozi mtu anayeutaka mwenyewe. Lakini Nabii Yusuf aliposimama mbele ya mfalme wa Misri aliomba awekwe juu ya hazina za nchi, akataja sifa zake mwenyewe, kuwa ni mlinzi na mjuzi. Wanazuoni wameyapatanisha mawili haya kwa kusema kuwa Yusuf aliiona njaa inakuja, wala hakumwona mwengine wa kuibeba kazi ile. Aliyataka mashaka ya cheo. Mfano huo si wa kila mtu, na wengi wanaoutumia wameona posho kabla ya kuona njaa. Lakini umevunja dhana kuwa kujitaja kwenyewe ni dalili ya upungufu.

Nao wasiokuwa na baraza? Baraza la mawe, pamoja na sifa zote zinazomiminwa juu yake na washairi, ni kikao cha wanaume. Msichana wa Chwaka aliyehitimu ufundi wa umeme hapiti hapo akasita kuamkia, na kama ana kaka, kaka ndiye anayesikia habari na kuamua ipi aifikishe nyumbani. Wanawake wana vikao vyao, vya arusi, vya upatu, vya kusuka ukili, navyo vina habari nyingi kuliko wanaume wanavyodhani, lakini habari za afisi na karakana huchelewa kufika huko. Kijana wa mama mjane, mtoto aliyelelewa na watu, mgeni kutoka bara ambaye ukoo wake hausemi chochote kwa masikio ya mjini. Hawa wote wanaweza kuwa na nguvu na uaminifu wa yule wa Madyan, na kisima cha kuonyeshea hawana. Kuwaambia wajenge mitandao ni kumwambia asiyekuwa na uzi afume. Wanachokihitaji ni mtu aliye ndani, akumbuke kuwa wapo.

Na kukumbuka ndiko kugumu. Kabla ya kusimama mbele ya mfalme, Yusuf alikuwa gerezani, na huko aliwaagulia ndoto wafungwa wawili. Yule aliyemwona kuwa atasalimika alimwomba jambo dogo: akifika kwa bwana wake, amtaje. Wapo wafasiri waliomlaumu Yusuf kwa ombi hilo, kuwa ameegemea kiumbe, na wapo waliosema kuwa kushika sababu si kosa. Ugomvi wao ni mrefu. Huzungumzwa kidogo zaidi habari za mtu wa pili, yule aliyeombwa. Hakukataa. Hakuwa na chuki, wala hakuogopa, wala kisa hakisemi kuwa alikuwa na mpwa wake wa kumtanguliza. Alitoka, akarudi kwenye kazi yake ya kumnywesha mfalme, akiwa karibu naye kiasi cha kunyoosha mkono, siku baada ya siku, na akasahau. Yusuf akakaa gerezani miaka kadhaa mingine. Mtu yule alikuja kumkumbuka siku mfalme alipoota ng'ombe saba na mashuke saba, baraza zima likashindwa, na akatafutwa mfasiri.